Sura Uliyoagiza Stendi

Mwanangu Shabani,

Ile ya "mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali" nimewafundisha watoto wa darasa la tano miaka yote niliyoshika chaki, na leo nimeiruka. Wewe hauko mbali. Umekwenda mjini kumuaga baba yako mdogo, utarudi kabla ya magharibi, na mimi nimekaa hapa barazani Mwankoko, upepo wa ziwani unataka kuninyang'anya karatasi mpaka nimeikandamiza kwa kibao cha chapati. Lakini hofu ninayo. Hiyo siwezi kuiruka.

Nianze na linaloniuma. Jana jioni nilikuwa ndani ya banda natafuta mayai, wewe ukawa nyuma ya banda unaongea na simu. Sikutega sikio, Shabani. Lile banda ni fito na mabati, hata kuku walikusikia. Ulisema, "Kaka, basi nitapita hapo stendi keshokutwa asubuhi kuichukua kabla sijapanda basi. Iwe sura ya pili yote, na marejeo yake." Halafu ukacheka, kicheko ambacho siyo chako. Nikabaki nimeinama na yai mkononi, sijui nitoke au nijikohoze.

Nakijua hicho kibanda cha stendi. Wanatoa fotokopi, wanapiga picha za pasipoti, wanaandikia watu barua za kuomba kazi. Kumbe sasa wanaandikia watu na tasnifu za udaktari wa falsafa. Sijui kama huyo kijana anaandika mwenyewe au simu ndiyo inamwandikia, na wala sitaki kujua. Ninachojua ni kile ulichoniambia kwa mdomo wako siku uliyofika: kwamba sura hiyo imeshakataliwa mara mbili, na msimamizi wako amesema ikirudi tena na ubovu uleule, kikao kitakufuta. Na ikigundulika siyo yako, utafutwa kwa aibu, na hata ile kazi yako ya kufundisha chuoni itakwenda. Kwa hiyo kesho asubuhi pale stendi unaamua maisha yako, na mama yako anajua.

Ningeweza kukuvizia mlangoni nikupigie kelele. Unanijua, kelele ninazo. Lakini kila nikifungua mdomo naona nitakayemsema ni mimi. Sweta, dawa, chakula cha njiani, hayo yote shangazi yako Mwajuma ameshayafunga kwenye begi na anajisifu tangu asubuhi, kwa hiyo siyagusi. Mimi nakuandikia juu ya kusoma na kuandika, maana huko ndiko nilikokuharibu.

Unaikumbuka ile insha? Ulikuwa darasa la sita, tunakaa Mungaa kwenye nyumba ya shule. Wilaya ilitaka insha ya "Siku nisiyoisahau". Wewe ukaandika juu ya ile siku kuku wetu mwekundu alipopanda juu ya paa la msikiti wakati wa swala ya Ijumaa, watu wako chini wanasali na yeye yuko juu anatetea kama ametaga dunia nzima, na baba yako, Mungu amrehemu, akakosa kusujudu kwa kuzuia kicheko. Uliiandika kwa penseli, imejaa makosa, na ilikuwa nzuri. Nilicheka peke yangu jikoni. Halafu nikaichana.

Nikasema mtoto wa mwalimu hawezi kupeleka wilayani habari za kuku. Nikakaa nikakuandikia nyingine, ya mafuriko ambayo hukuyaona wala mimi sikuyaona, nikaipamba kwa methali kila aya, jua likichomoza "kwa mbwembwe". Ukainakili kwa mwandiko wako. Ukashinda. Ukasimamishwa mbele ya shule nzima usome, na badala ya kuangalia karatasi ulikuwa unaniangalia mimi. Wenzangu walinipa mkono. Mimi nikavimba kichwa.

Tangu siku ile hujawahi kuandika kitu bila kuniletea. Barua ya maombi ya kidato cha tano, mimi. Barua ya mkopo wa chuo, mimi. Hata ile barua ya kumposa Amina, loh, nilitia mkono wangu, na binti wa watu akakubali maneno ya mama mkwe! Nilidhani ni heshima. Nilikuwa natamba kwa watu, "Shabani hafanyi jambo bila kuniuliza." Kumbe mtoto alishaelewa kwamba maneno yake ni ya kuchanwa, na ya kuonyesha watu lazima yatoke kwa mtu mwingine. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Huo msemo nimeuandika ubaoni mara nyingi na sasa umenigeukia. Nilipokusikia unamwagiza yule kijana wa stendi, sikumwona mwizi, niliona umenitafutia mbadala.

Na kusoma nako nilikuharibu. Ulikuwa mbele kabisa, dawati la dirishani, nikisoma sentensi darasa zima linaitikia. "Kuna swali?" "Hakunaaa!" Tunafunga kitabu. Siku moja wewe ulikuwa nalo. Kitabu kilisema kuku hutaga yai kila siku. Ukanyoosha mkono ukasema, "Mwalimu, wa kwetu wanataga wiki mbili halafu wanaatamia, hawatagi tena mpaka walee." Na mimi, mama yako, niliyekuwa nafuga kuku haohao, nikakwambia, "Kwani hapa tunasahihisha kitabu? Kaa chini, acha kimbelembele. Andika kilichoandikwa." Kwenye mtihani jibu lilikuwa lile la kitabu, ukapata. Sikuwa mwalimu mbaya, Shabani. Watoto wangu walifaulu. Nilikuwa nawafundisha kufaulu, na kufaulu kwenyewe kulikuwa ni kurudisha ulichopewa bila kukipunguza.

Sasa wewe msimamizi wako anakuandikia pembeni ya kila ukurasa, "Na wewe unasemaje?" Uliponionyesha yale makaratasi nilisoma hayo maneno mpaka macho yakauma. Huyu kasema hivi, yule kasema vile, mwingine naye akasema, na pembeni yule mama wa watu anauliza tena na tena, na wewe unasemaje. Ulikasirika ukasema anakuonea. Nilijua kwa nini huna la kusema. Nilikukalisha chini mwenyewe.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba njia nilikuwa naijua. Nilipokwenda kusoma stashahada ukubwani, wewe uko sekondari, nilifeli somo la kwanza. Nilikuwa nimenakili daftari zima kwa mkono, nimepigia mistari kwa rula, rangi mbili. Mkufunzi mmoja mkali akaniambia, "Mama, funga kitabu uniambie." Nikafunga. Sikuwa na hata neno. Nikalia njia nzima. Tangu hapo nikawa nasoma kidogo, nafunga, naingia jikoni, nasonga ugali huku namwelezea baba yako nilichosoma. Pale nilipokwama ndipo nilipokuwa sijaelewa. Naye masikini hakujua chochote cha saikolojia ya mtoto, lakini alikuwa akiniuliza, "Sasa hiyo inatusaidia nini?" Nikawa namkasirikia, nagonga mwiko. Halafu narudi mezani najua cha kuandika. Nilifaulu kwa njia hiyo. Na asubuhi yake nilikuwa naingia darasani, "Kuna swali?" "Hakunaaa!" Mtihani wa taifa ulikuwa karibu, sikuwa na muda wa watoto wanaouliza inatusaidia nini.

Ndiyo maana wiki iliyopita, tukiwa tunapiga alizeti pale uani, nilikuchokoza. Hukujua kama nakuchokoza kwa makusudi. Nilikwambia nieleze hiyo makala uliyokesha nayo. Ukaanza kwa Kiingereza, nikasema sitaki. Ukaja Kiswahili cha chuoni, maneno marefu kama treni ya mizigo, nikasema bado. Niambie kwa Kinyaturu, kama unamwambia shangazi yako. Jasho likakutoka, na siyo la alizeti. Mwisho ukasema: wanasema wafugaji wa vijijini hawachanji kuku wao dhidi ya mdondo, yaani kideri, kwa sababu hawana elimu. Nikasema, "Kwa hiyo?" Ukasema na mwingine naye amesema hivyohivyo. Nikasema, "Kwa hiyo?"

Ukatupa fimbo chini. Shabani wangu mpole, anayeniamkia shikamoo hata akinikuta jikoni mara ya tatu kwa siku, ukatupa fimbo ukafoka. "Kwa hiyo wanakosea, mama! Chanjo watu wanaijua. Ile chupa ni ya kuku wengi, ikishafunguliwa haingoji kesho, mtu mwenye kuku kumi hawezi kuifungua peke yake. Lazima majirani wakubaliane siku moja. Wakiwa hawaongei, hakuna chanjo. Elimu gani? Wewe na jirani yako Mama Zainabu mlikuwa hamna elimu?"

Halafu ukaziba mdomo. Shangazi yako akajifanya anapepeta. Mimi nilikuwa na uchungu na nilikuwa na furaha, vyote pamoja, hata sikujua uso wangu umekaaje. Maana ni kweli. Mwaka ule wa mdondo mimi na Mama Zainabu tulikuwa tumenuniana kwa ajili ya mbuzi wake aliyekula mboga zangu. Uzio kwa uzio, hakuna salamu. Bwana mifugo alipita akasema chanjo ipo, changeni hela. Nikajisemea, sianzi mimi. Naye akajisemea hivyohivyo. Mdondo ukapita kwake ukapita kwangu, tukawa tunafukia kuku kila mmoja upande wake, bila hata kuambiana pole. Mwalimu mstaafu mwenye stashahada, na mwanamke aliyesoma mpaka kidato cha nne. Elimu ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kusema hodi.

Jioni ile ukaandika kurasa mbili. Nilikuona, umeinama kama siku zile za penseli, hujagusa kitabu hata kimoja. Nikamwambia shangazi yako asikuite kula. Asubuhi ukanisomea, kisha ukasema, "Hii siyo ya kisomi. Na siwezi kumwandika mama yangu chuoni, watu wasome kwamba aliua kuku kwa kiburi." Ukazitia chini ya godoro. Halafu jana ukampigia yule wa stendi.

Kurasa zile nimezitoa leo mchana nikazisoma. Nisamehe kwa kupekua, au usinisamehe, shauri yako. Zina makosa. Kuna sentensi inaanza haiishi. Mahali umesema jambo moja mara tatu. Na pale unaposema hao wataalamu "hawakuuliza nani jirani wa nani" nilisimama nikazunguka chumba. Hilo hujalitoa popote. Hilo ni lako. Mkono uliniwasha nisahihishe, wallahi, niliushika kwa mkono wa pili. Nimezirudisha zilivyokuwa.

Sijui udaktari unaandikwaje, mwanangu, sijafika huko. Lakini nafikiri huyo mama msimamizi anataka hizo kurasa mbili, siyo zile arobaini zilizokataliwa. Nenda na wale wataalamu wote uliowasoma, waweke mbele yako mmoja mmoja, uwaulize nani jirani wa nani, na wasipojibu useme hawajajibu. Siyo utovu wa adabu. Mimi ndiye niliyekufundisha kwamba mkubwa hajibiwi, na kwenye salamu na kwenye mazishi msimamo wangu ni uleule. Lakini mtu aliyeandika kitabu ameongea na wewe, ukimrudishia maneno yake mwenyewe umemfanya kama mgonjwa ambaye watu wanamkubalia kila kitu. Mjibu. Akiwa ana akili atafurahi, na akikasirika, yuko mbali na hapa.

Na peleka ikiwa mbaya. Hilo ndilo gumu kwako na najua kwa nini. Hujawahi katika maisha yako kumwonyesha mtu kazi mbaya, maana mama alikuwa akiiwahi. Mpelekee huyo mama hizi kurasa na sentensi zake zisizoisha. Mwambie hapa ndipo nilipofika. Akikuchora nyekundu kila mahali, hiyo nyekundu ni ya kwako, na utajua cha kufanya nayo. Ya huyo kijana wa stendi hata ukisifiwa hutajua umesifiwa nini. Wewe unakijua hicho kitu vizuri kuliko mtu yeyote. Ulikijua darasa la sita, umesimama mbele ya shule nzima na mafuriko yasiyokuwepo.

Mimi niandike. Usiseme "mwanamke mmoja", kama sheria za huko zinaruhusu sema ni mama yangu, na kama haziruhusu, mimi nitajijua nikisoma. Na Mama Zainabu nimeshamuuliza. Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana hapa ndipo unaweza kunikasirikia kwelikweli.

Leo asubuhi nilikwenda kwake kusaidia kupukuchua mahindi. Tulikuwa wanawake wengi, unawajua, nusu yao nimewafundisha au nimewafundishia watoto. Nilipoingia tu mmoja akasema, "Mama Dokta huyo! Dokta anaondoka lini?" Wameniita hivyo tangu ulipoanza masomo, na nimekuwa nikiitikia kama jina nililopewa na wazazi. Nimekaa nalo misibani, harusini, nimepishwa viti kwa sababu yake. Na usiku wa jana sikulala nikiwaza, huyu mtoto anakwenda kununua sura ili mimi niendelee kupishwa kiti.

Nikakaa kwenye mkeka. Nikawaambia, "Bado siyo dokta. Kazi yake imekataliwa mara mbili. Ikikataliwa tena anafutwa, na huenda akafutwa." Mikono ikasimama yote. Mmoja akainama akaficha mdomo na khanga, na sidhani kama alikuwa analia. Nikaendelea. Nikawaambia kosa siyo lako peke yako, kwamba kuandika nilikuandikia mimi tangu mdogo, hata ile insha ya wilaya iliyopigiwa makofi ilikuwa yangu. Nikamgeukia Mama Zainabu nikamwambia mwanangu anataka kuandika habari ya kuku wetu waliokufa, nasi wawili ndani yake, unasemaje?

Akachukua gunzi lingine. Akapukuchua mpaka likaisha. Halafu akasema, "Aandike. Ila asiseme mbuzi wangu ndiye aliyeanza, maana uzio wako ulikuwa mbovu." Wakaangua kicheko wote, na mimi nikacheka, huku machozi yananitoka, sikuyafuta.

Kwa hiyo huna tena cha kunilindia. Nimeshasema, habari imeshapita kisimani na imeshafika sokoni, najua midomo ya watu wa hapa. Kama umeudhika nimekuanika, una haki, nipigie ukifika unigombeze, nitasikiliza mpaka mwisho bila kukusahihisha. Ukifutwa rudi. Sitasema ulipata kazi nzuri mahali, sitasema umeahirisha kwa sababu ya afya. Nitasema mwanangu alijaribu kwa maneno yake yakakataliwa.

Kesho asubuhi utapita njia ya kwa Mama Zainabu kwenda kupanda bodaboda, hakuna njia nyingine. Watakuwa nje wanafagia. Hawatakuita Dokta. Watakusimamisha wakupe pole, na mmoja wao atataka kujua umewaandikaje. Usipite haraka. Waamkie, halafu uwasomee.

Mama yako